Miguu Isiyo na Magaga

Wiki mbili zilizopita mwenzangu mmoja wa taaluma, mtu ninayemheshimu kwa usomi na kwa ukarimu wake, alituma picha katika kundi letu la wahadhiri. Ilikuwa nakala ya mchoro wa rangi wa Mfaransa William-Adolphe Bouguereau, uliochorwa mwaka 1889, ambao kwa Kiswahili naweza kuuita "Msichana Mchunga". Chini yake aliandika kwamba hivi ndivyo mnyonge anavyostahili kuonyeshwa, na kwamba sisi wakosoaji tumezoea kumpaka maskini matope ili tupate la kuandika. Haikupita saa moja, wenzetu wengi walikuwa wamekwisha kumuunga mkono. Mimi niliandika kwamba picha ile ni uongo uliochorwa kwa ustadi mkubwa. Nikatakiwa nifafanue. Nafafanua hapa, kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kila mtu ambaye katika kazi yake huchagua picha ya mtoto wa kijijini na kuiweka mahali ambapo wengine wataitazama.

Kwanza picha yenyewe. Turubai lake lina urefu wa mita moja na nusu na ushei, kwa hiyo msichana amechorwa karibu na kimo cha mtoto halisi. Amesimama pekupeku mbele kabisa, ameweka fimbo mabegani na mikono yake miwili imeegemea juu yake, kama afanyavyo mchunga yeyote aliyechoka kusimama. Nyuma yake ng'ombe wanakula majani. Anatutazama. Hana haraka, hana hofu, wala hana njaa. Nuru inayomwangukia usoni ni ya upole mno, nuru ya chumba cha mchoraji iliyohamishiwa malishoni. Ngozi yake ni laini kuanzia paji la uso hadi kidole cha mguu.

Hapo miguuni ndipo naomba msomaji wangu atulie kidogo.

Mimi nimechunga. Kabla ya kuijua shule ya bweni nilichunga ng'ombe wa baba mdogo kwa misimu mitatu, nami naijua miguu ya mchunga kama ninavyoijua hati ya mkono wangu. Ina magaga yanayopasuka wakati wa kiangazi hadi yakatoa damu. Ina kovu la mwiba uliotolewa kwa mwiba mwingine. Kucha ya kidole gumba huwa imekufa kwa kukwatuliwa na kwato, kisha ikaota upya ikiwa imepinda. Mguu wa mtu anayetembea pekupeku juu ya mawe na mabua ni kumbukumbu ya kazi yake, na yeyote aliyewahi kuutazama anaweza kuusoma. Miguu ya msichana wa Bouguereau haisomeki. Vumbi, kama lipo, ni la mapambo. Ni miguu iliyofundishwa na sanamu za plasta, ile miguu ya miungu ya Kigiriki ambayo kila mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Paris alilazimika kuichora mamia ya mara kabla ya kuruhusiwa kumchora binadamu aliye hai.

Nisieleweke vibaya. Bouguereau hakuwa mchoraji hafifu, na sipendi ule ukosoaji wa kivivu unaomdhihaki ili kuonekana wa kisasa. Degas na wenzake waliligeuza jina lake kuwa neno la kejeli kwa kila mchoro uliolainishwa kupita kiasi. Dhihaka hiyo ilichekesha, lakini haikutueleza lolote kuhusu mtoto aliyechorwa. Mtu huyu alizaliwa La Rochelle mwaka 1825, mwana wa mfanyabiashara wa mvinyo na mafuta ya zeituni ambaye mambo yake hayakuwa mazuri. Katika ujana wake alichora lebo za makopo ya jamu ili apate nauli ya maisha. Mwaka 1850 alishinda Tuzo ya Roma, na mwaka 1876 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sanaa. Aliacha michoro zaidi ya mia nane. Alitetea wanawake waruhusiwe kusoma katika chuo cha taifa cha sanaa wakati ambapo wengi wa rika lake walicheka wazo hilo. Na aliujua msiba: katika watoto wake watano, wanne walitangulia kufa kabla yake.

Hili la mwisho lina uzito katika hoja yangu. Mwaka 1877, mwaka ambao alimpoteza mkewe na mtoto mwingine, Bouguereau alichora picha ya Bikira Maria Mfariji. Mama aliyefiwa amejitupa mapajani mwa Bikira, na mtoto mchanga amelala chini akiwa maiti. Ni picha nzito. Inaonyesha kwamba mkono ule ulijua kabisa kuchora mwili uliovunjwa na maisha. Ulijua pia kuchora umaskini: mwaka 1865, alipokuwa bado anatafuta njia, alichora familia fukara imeketi jijini Paris, mama na watoto wake wasio na pa kwenda. Kwa hiyo tusimtetee kwa kusema kwamba enzi yake haikuona, au kwamba mafunzo yake hayakumruhusu. Aliona, na aliweza. Alichagua kwamba huzuni ingekaa katika picha za dini, na malishoni pangebaki na tabasamu.

Kwa nini alichagua hivyo? Mwenyewe hakuficha. Alikiri kwamba picha za kutisha na za kishujaa alizoanza nazo hazikuwa na wanunuzi, naye akageukia kile ambacho watu walitaka kukitundika ukutani. Na watu waliokuwa wakinunua tunawajua. Picha zake zilipitia kwa wafanyabiashara wakubwa wa Paris, kwanza Durand-Ruel kisha Goupil, na sehemu kubwa ikavuka bahari kwenda kwa matajiri wa Uingereza na Marekani. Hata Marekani ilipopandisha ushuru wa kazi za sanaa za kigeni hadi asilimia 30 mwaka 1883, walioweza kulipa waliendelea kulipa. Hawa walikuwa watu wa reli, wa viwanda, wa tumbaku. Katika viwanda hivyohivyo watoto walikuwa wakifanya kazi. "Msichana Mchunga" mwenyewe leo yupo Tulsa, Oklahoma, katika Jumba la Makumbusho la Philbrook, ambalo lilikuwa makazi ya tajiri wa mafuta Waite Phillips kabla hajalitoa kwa mji mwaka 1938. Simlaumu mtu kwa kutoa nyumba yake. Nasema tu kwamba mtoto huyu wa malishoni amezoea kuta za watu wa namna fulani, na kwamba hakuwahi kuwaudhi.

Sasa tuangalie mtoto halisi wa mwaka 1889, yule ambaye hakuchorwa.

Katika sehemu nyingi za mashambani Ufaransa, mtoto wa mkulima asiye na ardhi ya kutosha aliajiriwa nje ya nyumba yao mapema sana. Palikuwa na magulio ya kuajiri vibarua, ambako mwenye shamba alimtazama mtoto mwili wake, akapatana na mzazi, akaondoka naye kwa msimu au kwa mwaka mzima. Ujira wa mchunga mdogo mara nyingi ulikuwa chakula, nguo na jozi ya viatu vya mbao. Émile Guillaumin, ambaye alikuwa mkulima wa wilaya ya Allier na akabaki mkulima hata baada ya kuwa mwandishi, alichapisha mwaka 1904 riwaya inayosimulia maisha ya mtu wa namna hiyo, anayetumwa kuchunga kondoo akiwa bado mtoto mdogo. Katika kitabu hicho malisho yana umande unaoganda miguuni, yana upweke wa siku nzima, yana hofu ya mnyama kupotea na kipigo cha jioni. Guillaumin alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita wakati Bouguereau anatia sahihi picha yake. Waliishi katika nchi moja.

Sheria nayo ilisema nini? Hapa nawaomba hasa watumishi wa umma wanisikilize, kwa kuwa ni jambo la fani yao. Sheria ya kwanza ya Ufaransa kuhusu kazi za watoto, ya mwaka 1841, ilikataza kuwaajiri walio chini ya miaka 8, lakini ililenga viwanda tu. Sheria ya mwaka 1874 ilipandisha umri hadi miaka 12, pamoja na misamaha, ikaweka wakaguzi wa kazi wanaolipwa na serikali. Nayo ikaliacha shamba nje ya mlango. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya tarehe 28 Machi 1882, ile ya Jules Ferry, iliyomlazimu kila mtoto wa miaka 6 hadi 13 kusoma. Waliosoma vichwa vya habari wanaikumbuka hapo tu. Lakini soma kifungu cha 15. Kinaruhusu mtoto kusamehewa masomo hadi miezi mitatu kwa mwaka, mbali na likizo. Tena kinaruhusu watoto walioajiriwa katika kilimo nje ya familia zao kukosa kipindi kimoja kati ya viwili vya siku, asubuhi au alasiri.

Tazama jinsi sheria ilivyo na ukweli kuliko sanaa. Mtunga sheria, mtu wa maneno makavu asiyedai kuwa na moyo wa kishairi, aliandika wazi "walioajiriwa nje ya familia zao". Alijua kwamba mchunga mdogo ana mwajiri. Alijua kwamba ng'ombe wale wana mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana nguvu za kutosha bungeni kuweza kupata nusu siku ya mtoto wa mtu mwingine. Yote haya yalikuwa yamechapishwa katika gazeti la serikali miaka saba kabla ya picha. Mchoraji akachukua mtoto huyohuyo, akamwondolea mwajiri, akamwondolea saa, akamwondolea shule aliyoikosa, akatuachia fimbo na mandhari. Sidai kwamba picha iliandika sheria, wala kwamba mbunge yeyote alipiga kura akiwa ameshika nakala ya Bouguereau. Nadai kwamba watu waliokuwa wakiitazama picha hii kila jioni sebuleni hawakuwa na sababu ya kushangaa kwa nini mkaguzi wa kazi hakuruhusiwa kufika malishoni. Kwani malishoni palikuwa na kazi gani ya kukaguliwa?

Mwenzangu atajibu, na amekwisha kujibu, kwa hoja ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote alizotoa: je, maskini aonekane mchafu milele? Mtoto wa mkulima hana haki ya uzuri? Hoja hii haistahili kupuuzwa. Wapo wapiga picha na wachoraji waliojitajirisha kwa vidonda vya watu, na ningekuwa wa kwanza kuzichana picha hizo. Lakini hoja inadhani kwamba tuna milango miwili tu, wa kumsafisha mtoto na wa kumdhalilisha. Nampa mlango wa tatu, kutoka Ufaransa ileile na miaka ileile.

Mwaka 1882 Jules Bastien-Lepage, mwana wa wakulima wa kijiji cha Damvillers, alichora mvulana wa kijijini kwake na kuiita picha hiyo "Pas mèche". Hivi sasa ipo Edinburgh. Mvulana huyu ni wa mashua za mfereji. Kazi yake ni kumwongoza farasi anayekokota mashua kando ya maji. Ana mjeledi, na amevaa baragumu la kuwaonya watu wa mbele. Nguo zake zimechakaa. Buti zake ni kubwa kuliko miguu yake, zimechoka, kamba hazijafungwa, na ni dhahiri kwamba zilikuwa za mtu mwingine kabla yake. Amesimama wima mbele yetu kama alivyosimama msichana wa Bouguereau, naye anatutazama. Lakini mtazamo wake ni wa mtu anayekupima. Ana ujeuri kidogo. Unahisi kwamba ukimwuliza swali la kipuuzi atakujibu kwa lugha ya mferejini, na utaondoka ukiwa umejifunza neno jipya.

Je, mvulana huyu amedhalilishwa? Hata kidogo. Ni mzuri, tena mzuri mno. Mimi nimewahi kukaa nikitazama nakala yake hadi chai ikapoa. Uzuri wake haukumgharimu kazi yake. Mchoraji hakulazimika kumvua buti ili ampe heshima. Kwa mjeledi, baragumu na buti zile, unajua mtoto anafanya nini, kwa vifaa gani, na kwamba kuna mahali anatakiwa afike kabla ya jua kuzama. Bastien-Lepage alikufa mwaka 1884, akiwa na miaka 36. Kama angepewa miaka ya Bouguereau, aliyeishi hadi 1905, pengine tungekuwa na ukuta mzima wa watoto kama huyu wa kuwajibia akina mwenzangu.

Kwa hiyo swali la usafi ni la kupotosha. Ninachokidai katika picha ni kazi. Heshima ambayo hupatikana tu baada ya kumvua mtu kila dalili ya kile anachofanyiwa ni heshima ya mtazamaji, na mtazamaji ndiye anayeondoka nayo.

Mwaka huohuo wa 1889, Paris ilikuwa imejaa wageni waliokuja kuona Maonyesho ya Dunia na Mnara wa Eiffel. Karibu na majumba ya Invalides vilijengwa vijiji vya maonyesho, ambamo mamia ya watu kutoka makoloni ya Afrika, Asia na Pasifiki waliwekwa wakae, wapike, wafume na kulea watoto wao mbele ya waliolipa kiingilio. Nao walitakiwa wawe "wa asili", watulivu, wasio na madai. Hakuna aliyetarajiwa kuuliza nani amechukua ardhi yao. Sisemi kwamba Bouguereau alihusika na vijiji hivyo. Ni jicho la mji mkuu lililokuwa moja: lilimtaka mtu wa mashambani, awe wa Brittany au wa Senegal, asimame kimya katika mandhari yake na kumtazama mlipaji kwa upole. Kwa mtazamo huo binti mchunga ni ndugu yetu wa karibu kuliko mwenzangu anavyodhani.

Na jicho hilo halikufa. Watumishi wa umma na wanaharakati wanaonisoma wanajua ninachozungumzia, kwa kuwa wao ndio huletewa majalada waidhinishe. Ripoti ya maendeleo ya vijijini, mpango mkakati wa miaka mitano, kalenda ya mradi wa maji: mbele kabisa yupo mtoto. Amesimama peke yake, nuru ni ya jioni, anatazama kamera na kutabasamu. Mabegani ana fimbo ya kuchungia, au kichwani ana ndoo. Mwenye ng'ombe hayupo. Aliyepaswa kuleta bomba na hakulileta hayupo. Ndoo imekuwa pambo kama fimbo ya Bouguereau ilivyokuwa pambo, ilhali ndoo ya lita ishirini iliyojaa ina uzito wa kilo ishirini, juu ya shingo ya mtoto, mara kadhaa kwa siku. Hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja umri wa miaka 14 kuwa wa chini kabisa kwa ajira, tena kwa kazi nyepesi. Katika majalada yetu nimewaona wengi ambao kwa macho hawajafika hata miaka 9, wapo kazini, na maelezo ya picha yanasema "Matumaini".

Nimewahi kuketi katika kikao kimoja cha kupitisha jalada la namna hiyo. Sitaitaja taasisi. Palikuwa na picha mbili mezani. Katika moja mtoto ameinamia kisima cha wazi, uso hauonekani vizuri, lakini unaona kina cha kisima na unaona kwamba kamba imefungwa vifundo sehemu tatu. Katika ya pili mtoto huyohuyo ameombwa asimame, anusurike na jua na atabasamu. Ikachaguliwa ya pili kwa sababu ya kwanza "inakatisha tamaa". Nilipouliza inamkatisha nani tamaa, mwenyekiti alinijibu kwa uaminifu ambao bado naushukuru: wafadhili. Mbele yangu alikuwa ameketi Goupil, na hakujua.

Mwenzangu ameniandikia tena juzi. Anasema kwamba hata hivyo binti yule ni mzuri, na kwamba binti yake wa miaka saba ameipenda picha. Ni mzuri, nakubali, na mtoto ana haki ya kuipenda. Nimemwomba aitundike nyumbani akitaka, na kando yake aitundike ile ya mvulana wa mferejini, kisha amsikilize bintiye ataulizia nini kuhusu kila mmoja. Kwa wasomaji wangu walio maofisini nina ombi dogo zaidi. Majalada ya ripoti za mwaka huu hayajaenda kwa mpiga chapa. Atakapoletwa mtoto mezani kwako, kabla hujaweka sahihi, uliza ng'ombe wale ni wa nani na siku ile picha ilipopigwa ilikuwa Jumatano saa ngapi.